Jinsi ya kuchagua kampuni ya kuaminika ya kubandika vinili kwenye gari: mwongozo kamili

Gari likitoka kubandikwa vinili leo, kila kazi inapendeza. Nzuri inang'aa, na mbovu nayo inang'aa. Tofauti hujitokeza baada ya miezi kadhaa ya jua, vumbi, mvua na kuoshwa. Kona ya bampa inaanza kuinuka, ukingo wa mlango unashika mstari mweusi wa uchafu, na sehemu iliyozama karibu na taa inajivuta na kuacha uwazi. Kufikia hapo hela umeshalipa, na kama fundi alikuwa akikata kwa kisu juu ya bodi, huenda chini ya vinili kuna mikwaruzo ambayo bado hujaiona.

Kwa hiyo unapotafuta kampuni, usijiulize gari litapendeza vipi siku ya kulichukua. Jiulize litakuwaje baada ya mwaka mmoja, na bodi yako itakuwaje siku vinili itakapobanduliwa. Hatua zote zilizo hapa chini zinafuata swali hilo.

Hatua ya 1: Jua unachonunua

Vinili ya gari ni plastiki ya PVC yenye gundi nyuma yake. Huja katika majora, na upana wa kawaida wa jora ni takriban mita 1.52. Gari dogo la abiria linaweza kula mita 15 hadi 20 za jora hilo, na gari kubwa huzidi hapo. Kampuni ikikupa makadirio yenye mita pungufu sana, ina maana kuna sehemu ambazo hazitabandikwa, au vitaungwa vipande vingi.

Jambo la msingi kuliko rangi ni namna filamu yenyewe ilivyotengenezwa. Filamu ya kasti hutengenezwa kwa kumimina PVC ya majimaji juu ya karatasi maalumu na kuipitisha kwenye tanuri. Haivutwi wala haikandamizwi wakati wa kuumbwa, kwa hiyo haina umbo la zamani la kulirudia. Ni nyembamba na laini, na ikipashwa joto hulala vizuri kwenye mikunjo ya bampa, vioo vya pembeni na mabonde ya milango. Filamu ya rola hutengenezwa kwa kukandamiza plastiki ya moto kati ya rola mpaka ifikie unene unaotakiwa. Ni nene zaidi, ni rahisi kutengeneza, na bei yake ni ndogo. Kwenye uso bapa, kama ubavu wa trela au kibao, inafaa kabisa. Ukiivuta kwenye mkunjo, inatulia kwa muda, kisha jua likiichoma inajikunja kurudi ilikotoka. Ndiyo maana gari lililobandikwa filamu isiyofaa huanza kuonyesha mstari wa gundi kwenye kila ukingo: filamu imesinyaa na gundi imebaki nje, ikidaka vumbi.

Hapa ndipo wateja wengi wanapopotezwa kwa jina la kiwanda. Unaambiwa, "Sisi tunatumia 3M," nawe unaridhika. 3M na Avery Dennison za Marekani, ORAFOL ya Ujerumani na Hexis ya Ufaransa wote hutengeneza filamu za kasti na pia filamu za rola za matangazo ya muda mfupi. Jina la kiwanda peke yake halikuambii chochote kuhusu kitakachobandikwa. Uliza jina kamili la mfululizo. Kwa kubadilisha rangi ya gari zima utasikia majina kama 3M 2080, Avery Dennison Supreme Wrapping Film au ORACAL 970RA. Fundi anayejua kazi atakutajia bila kusita, na atakuonyesha maandishi nyuma ya karatasi ya jora au lebo ya boksi. Asiyetaka kutaja, muache.

Pia usichanganye vinili na ile filamu ya kulinda rangi. Filamu ya kulinda rangi ni ya polyurethane, ina unene wa mikroni 150 hadi 200 hivi, na kazi yake ni kupokea mapigo ya vijiwe vya barabarani. Vinili hubadilisha mwonekano na husaidia kidogo dhidi ya mikwaruzo midogo na jua. Kampuni inayokuuzia vinili kwa ahadi kwamba itazuia mawe inakudanganya kabla hata ya kuanza kazi.

Hatua ya 2: Kagua gari lako kabla ya kuwapigia simu

Vinili haifichi kasoro. Kila kishimo cha kijiwe, kila chembe ya kutu na kila mpasuko wa puti utaonekana juu yake, na filamu inayong'aa huvionyesha zaidi. Kubwa kuliko yote ni hali ya rangi iliyo chini. Rangi ya kiwandani hukaushwa kwenye tanuri na hushika bodi barabara. Rangi iliyopigwa gereji hutegemea maandalizi na muda wa kukauka, na siku ya kubandua filamu inaweza kung'oka nayo. Kama gari limepakwa rangi karibuni, lipe angalau wiki nne, au muda alioagiza mtengenezaji wa rangi. Rangi hiyo bado inatoa mvuke, na mvuke ukinaswa chini ya vinili huinua mapovu.

Andika orodha ya sehemu zilizowahi kunyooshwa na kupakwa rangi upya, zenye kutu, na zile ambazo klia, yaani tabaka angavu la juu ya rangi, imeanza kuchubuka. Kama hujui historia ya gari, sema hivyo. Orodha hii itakusaidia kupima kampuni: yenye uadilifu itakuambia sehemu fulani irekebishwe kwanza, hata kama ina maana kazi itachelewa na wao watasubiri hela. Ile inayosema "tutafunika tu" inakubandikia plastiki juu ya kutu, na kutu haisimami kwa sababu imefunikwa.

Mambo mawili ya karatasi usiyasahau. Katika nchi nyingi, kubadilisha rangi ya gari lazima kuripotiwe kwa mamlaka ya usajili, na kampuni ya bima nayo inapaswa kujua. Na kama gari bado ni la mkopo au la kukodi kwa mkataba, soma mkataba huo kwanza au omba ruhusa kwa maandishi.

Hatua ya 3: Tafuta kazi zao za zamani, si picha za jana

Picha za mtandaoni hupigwa gari likiwa limetoka tu, mchana mzuri, kutoka mbali. Katika picha hizo huwezi kuona ukingo. Nisingempa mtu gari langu kwa kutegemea picha peke yake.

Omba jambo moja mahususi: kuonyeshwa gari walilobandika angalau mwaka mmoja uliopita na ambalo linatumika kila siku. Kampuni iliyodumu ina wateja wa namna hiyo, na mara nyingi gari la kampuni yenyewe au la fundi mmojawapo limebandikwa. Ukilipata, usianze na boneti. Sogea karibu, chuchumaa, na uangalie sehemu hizi.

Anza na sehemu ya chini ya bampa la mbele na kona zake. Hapo filamu huvutwa kuliko mahali pengine popote, na hapo ndipo huanza kuachia. Kisha tazama mabonde yanayozunguka taa za ukungu na kibao cha namba. Kama filamu imeinuka ikaacha nafasi ya hewa juu ya bonde, fundi aliivuta kupita kiasi au hakuipasha joto la mwisho. Pitisha kidole kwenye kingo za milango: filamu inatakiwa igeuke na kuingia ndani ya ukingo, si kuishia juu ya mdomo wa mlango ambapo kila kitambaa cha kuoshea kitaikwangua. Angalia vitasa, mfuniko wa tangi la mafuta na vioo vya pembeni. Kwenye vioo vya pembeni tafuta rangi iliyofifia au kupauka, maana filamu ikivutwa sana rangi yake huwa nyembamba.

Pembeni mwa taa na mipira ya madirisha, chunguza kama kuna mstari mwembamba uliochorwa kwenye rangi au kwenye mpira wenyewe. Huo ni mkato wa kisu. Kisu kikipita klia na kufika kwenye bati, umepata mahali pa kutu kuanzia, na utapajua siku unabandua.

Zungumza na mwenye gari pia. Usimuulize tu kama amependa kazi. Muulize kama kuna kilichoharibika, na kampuni ilifanya nini alipowarudia. Kazi ya mikono huwa na dosari hata kwa mafundi bora. Unachotaka kujua ni kama walimpokea kwa heshima na kurekebisha, au walianza kumkwepa kwenye simu.

Maoni ya mtandaoni yasome kwa namna hiyohiyo. Nyota tano zilizoandikwa siku ya kukabidhiwa gari hazina uzito mkubwa. Tafuta maoni ya mtu anayerudi kusimulia baada ya muda, na usome majibu ya kampuni kwa malalamiko.

Hatua ya 4: Nenda ukaione karakana

Usikubali kupatana kwa simu tu. Nenda, tena ikiwezekana ufike siku ya kawaida ya kazi wakati kuna gari linabandikwa.

Mahali penyewe pawe pamefungwa, pana mwanga wa kutosha kutoka juu na pembeni, na sakafu inayoweza kufagiliwa na kumwagiwa maji. Vumbi moja likinaswa chini ya filamu hubaki kama chunusi mpaka siku ya kubandua. Kubandika nje chini ya mti, au pembeni ya mtu anayepiga msasa, hakuwezi kutoa kazi safi hata fundi awe hodari vipi. Joto nalo lina maana: filamu nyingi hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 20 na kitu za Selsiasi. Kwenye baridi gundi haishiki vizuri, na bodi ikiwa ya moto kupita kiasi gundi hushika haraka mno na filamu hulegea mikononi.

Kisha tazama wanavyoandaa gari, maana nusu ya kazi iko hapo. Kuosha kwa sabuni ni mwanzo tu. Baada ya kuosha, uchafu ulioganda, lami na utomvu huondolewa kwa dawa na kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi. Nta na mafuta hufutwa kwa alkoholi ya isopropili, pamoja na ndani ya kingo, nyuma ya vitasa na kwenye mikunjo ya milango. Maji yaliyojificha kwenye mipira na nyuma ya taa yapulizwe mpaka yaishe. Kingo nyingi zinazoinuka baada ya wiki mbili zimeinuka kwa sababu ya nta au unyevu uliobaki, si kwa sababu ya gundi mbovu. Ukiona gari limetoka kuoshwa na dakika chache baadaye linaanza kubandikwa, umeshajua kiwango chao.

Vifaa vina maneno yao. Tafuta uzi wa kukatia, yaani mkanda mwembamba wenye uzi ndani ambao hubandikwa chini ya filamu kisha uzi huvutwa na kukata filamu bila kisu kugusa rangi. Muulize fundi ni wapi anautumia na ni wapi anatumia kisu. Atakayesema hatumii kisu kabisa huenda anatia chumvi. Atakayekueleza kwamba kisu anakitumia kwenye nafasi kati ya vipande vya bodi au hewani nje ya ukingo, na uzi kwenye sehemu zilizo wazi, huyo anajua anachofanya.

Kifaa kingine ni kipimajoto cha miale ya infraredi. Filamu ya kasti ikishabandikwa, sehemu zote zilizovutwa zinatakiwa zipashwe joto la mwisho, mara nyingi kati ya nyuzi 90 na 110 kulingana na maelekezo ya kiwanda, ili plastiki isahau ilivyokuwa na ikubali umbo jipya. Kupasha kwa kukisia mkono hakutoshi. Chini ya kiwango hicho filamu itajirudi, na ikizidi sana inaweza kuungua au kupoteza mng'ao. Uliza tu, "Joto la mwisho mnapima vipi?" Jibu lake litakuambia mengi kuliko vyeti vilivyotundikwa ukutani.

Vyeti navyo, hata hivyo, vina thamani. 3M na Avery Dennison wana programu za kuwapima na kuwaidhinisha mafundi, na kupita mtihani wao ni kazi ya kweli. Hakikisha tu cheti ni cha mtu atakayelishika gari lako. Kuna karakana ambayo aliyesomea ameshaondoka, cheti kimebaki.

Hatua ya 5: Waulize, na usikilize wanachokuuliza wewe

Swali la kwanza: nani atabandika? Baadhi ya kampuni hupokea kazi na kuipeleka kwa fundi wa nje. Hilo si kosa, ila ujue ni nani, atafanyia wapi, na nani atawajibika.

La pili ni vitu vitakavyofunguliwa. Kazi bora hufungua vitasa, taa, nembo, mipira ya madirisha na wakati mwingine bampa, ili filamu iingie ndani. Kufungua huchukua muda, na klipu za plastiki za magari ya zamani huvunjika. Kampuni makini itakuambia mapema ni nini itafungua, nini itakata pembeni yake, na nani atanunua klipu zikivunjika. Mtu asiyejua kufungua bampa bila kugusa nyaya za vihisi vya kuegeshea asijaribie kwenye gari lako.

Uliza viungo vitakuwa wapi. Kwenye bampa lenye mabonde makali, fundi mzuri anaweza kuchagua kuweka kipande tofauti ndani ya bonde badala ya kuivuta filamu moja mpaka ichoke. Kiungo kilichopangwa mahali pasipoonekana ni ufundi. Kiungo kilichotokea katikati ya mlango kwa sababu filamu iliisha ni upungufu wa mipango.

Kwa rangi za metali, chrome na zinazobadilika kwa mwanga, uliza kama vipande vyote vitakatwa kuelekea upande mmoja wa jora. Ukigeuza kipande kimoja, mlango utaonekana rangi tofauti na ubavu ulio karibu nao. Filamu yote itoke kwenye toleo moja la kiwanda pia, maana matoleo mawili ya rangi ileile yanaweza kutofautiana kidogo. Filamu za chrome ni ngumu kuliko zote, hazisamehe makosa, na hazidumu kama rangi za kawaida. Fundi anayekutahadharisha juu yake anakujali. Na kama gari lina rada nyuma ya bampa kwa ajili ya kufunga breki lenyewe, filamu yenye tabaka la metali inaweza kuivuruga, kwa hiyo angalia kitabu cha gari kabla ya kufunika sehemu hiyo.

Lakini kipimo ninachokiamini zaidi ni maswali yao kwako. Je, wameuliza kama gari limewahi kupakwa rangi? Linalala juani au kivulini? Linaoshwa kwa mashine ya brashi? Unataka mwonekano huo kwa muda gani kabla ya kubandua? Kampuni inayouliza hivi inafikiria mwaka ujao. Inayouliza rangi na siku ya malipo tu inafikiria leo.

Hatua ya 6: Makadirio na mkataba

Chukua makadirio kutoka kampuni tatu hivi, ila ulinganishe vitu vilevile. "Gari zima" kwa mmoja ni nje tu, kwa mwingine ni pamoja na fremu za ndani ya milango. Paa jeusi la kioo, vioo vya pembeni, vitasa, kingo za chini, mdomo wa buti: kila kimoja kiandikwe kama kimo au hakimo. Jina la filamu na namba ya rangi viandikwe pia.

Bei ikiwa chini sana kuliko nyingine, kuna kilichopunguzwa, na huwa ni kimojawapo kati ya vitatu: filamu, maandalizi, au muda. Gari zima lililofanywa vizuri huchukua siku mbili hadi tano kwa kawaida, na zaidi kama kuna mengi ya kufungua. Anayekuahidi kulimaliza ndani ya siku moja akiwa peke yake hatafungua vitasa.

Kuhusu dhamana, tenganisha mbili. Kiwanda hudhamini filamu: kupasuka, kufifia, kuchubuka. Dhamana hiyo hutofautiana kwa rangi, kwa ukali wa jua la mahali gari lilipo, na kwa upande. Boneti, paa na buti, ambavyo hutazama juu na kupigwa na jua moja kwa moja, hupewa muda mfupi kuliko milango. Ahadi ya miaka kumi kwa gari zima, bila kutenganisha, isikufurahishe. Dhamana ya pili ni ya kazi ya mikono: kuinuka kwa kingo, mapovu, viungo kuachia. Hiyo hutolewa na kampuni yenyewe, na ndiyo utakayoihitaji zaidi. Iandikwe ni ya muda gani, inahusu nini, na nini kinaifuta.

Mambo mengine yasiyopaswa kukosekana: picha za hali ya gari lilipopokelewa, na nakala upewe, bima au uwajibikaji wao gari likiibwa au kuungua likiwa kwao, nani atalipa kisu kikikata rangi, na masharti ya kubandua baadaye. Hakuna kampuni ya kweli itakayodhamini rangi ya gereji isiyoijua, na hilo ni haki yao. Kwa rangi ya kiwandani iliyo nzima, waulize wamewahi kubandua magari mangapi na yalitokaje.

Malipo ya awali ya kununulia filamu ni kawaida. Kulipa yote kabla gari halijaguswa si kawaida. Baki na sehemu ya maana ya malipo mpaka ukague.

Kama ni gari la biashara lenye maandishi na picha

Hapa kuna kazi mbili, uchapaji na ubandikaji, na kampuni inaweza kuwa hodari kwa moja tu. Filamu iliyochapishwa lazima ifunikwe kwa laminesheni, yaani filamu angavu ya kulinda wino, nayo iwe ya kasti kama filamu ya chini, la sivyo mbili hizo zitavutana kwa namna tofauti na kujikunja. Wino wa soliventi, yaani wenye kiyeyushi, unahitaji kupumua, mara nyingi siku moja au mbili, kabla ya laminesheni. Ukiharakishwa, kiyeyushi kilichonaswa hulainisha gundi na kingo huachia.

Mchoro ufanyike juu ya vipimo vya gari lako halisi, si gari linalofanana nalo. Namba ya simu isikatwe na kitasa wala mstari wa mlango, na mlango wa kuteleza ukifunguliwa usifunike jina la biashara. Omba sampuli ndogo iliyochapwa kwenye filamu yenyewe, uitazame juani. Rangi ya kwenye simu si rangi ya kwenye vinili. Kubalianeni pia kwamba faili la mwisho la mchoro ni lako, ili gari la pili liweze kufanana na la kwanza hata ukihamia kampuni nyingine.

Hatua ya 7: Siku ya kulichukua

Nenda mchana, usiwe na haraka. Litoe gari nje kwenye mwanga wa asili na lizunguke mara mbili: mara ya kwanza kutoka hatua chache, kutafuta tofauti za rangi kati ya vipande, mara ya pili ukiwa karibu, ukigusa kila ukingo. Fungua milango yote, boneti, buti na mfuniko wa tangi. Jaribu madirisha, vitasa, vihisi vya kuegeshea, kamera, taa zote. Kama kitu kilifunguliwa, hapo ndipo utagundua kama kilirudishwa sawasawa.

Usigombane na kila kijipovu. Filamu za kisasa zina mifereji midogo kwenye gundi inayotoa hewa, na vipovu vidogo hutoweka vyenyewe baada ya siku kadhaa za joto. Kisichotoweka ni vumbi, mkunjo uliobanwa, ukingo uliokatwa mfupi na filamu iliyopauka kwa kuvutwa. Hivyo vionyeshe palepale, mviandike, na mpange siku ya kuvirekebisha kabla hujamalizia malipo.

Hatua ya 8: Wiki za kwanza na baada ya hapo

Gundi huendelea kushika kwa siku kadhaa. Usilioshe gari kwa siku tatu za mwanzo, au muda zaidi wakikuagiza hivyo, na usiwaruhusu watoto wachokoe kingo. Baada ya wiki moja au mbili lirudishe likaguliwe. Kampuni nyingi nzuri hupanga siku hiyo zenyewe na hazitozi kitu, kwa sababu sehemu iliyo dhaifu huonekana mapema na hurekebishwa kwa dakika chache za joto.

Osha kwa mkono, kwa sabuni laini na kitambaa laini. Mashine za brashi huchuna kingo. Ukitumia maji ya presha, 3M hushauri yasizidi psi 2,000, pua ya bomba iwe umbali wa sentimita 30 au zaidi, na isilenge ukingo kwa mshazari. Kinyesi cha ndege, utomvu, wadudu waliokauka na petroli iliyomwagika vifutwe siku hiyohiyo. Filamu isiyong'aa isipakwe nta ya kung'arisha, kwani itabaki na mabaka.

Hifadhi karatasi moja yenye jina la filamu, namba ya rangi, namba ya toleo na tarehe ya kubandikwa, na ikiwezekana uwaombe wakupe kipande cha filamu kilichobaki, kikiwa kimeviringishwa upande wenye rangi ukitazama nje. Mlango ukikwaruzwa mwaka ujao, karatasi hiyo na kipande hicho vitamwezesha fundi kubadilisha mlango huo mmoja bila kugusa gari lote.